Kibendera Ulichokiacha Kiunoni

Keza mwanangu,

Umetoka kwenda Kista kuwaaga wenzako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ambayo umemwambia mara nyingi kwamba hutayabeba. Utayabeba. Mimi nimekuja kukaa chumbani kwako, kitandani, katikati ya masanduku, jua la jioni likinipiga usoni kwa sababu mapazia umekwisha kuyaondoa. Nimeamua kuandika kwa kuwa tangu mwezi wa tano kila nikifungua mdomo mbele yako kinachotoka ni habari za funguo na chumvi.

Sitakuandikia mambo ya baridi ya huko kaskazini Umeå unakohamia kesho, wala ya kula vizuri, wala ya kusali. Hayo mama yako amekwambia mpaka ukayajibu kabla hajamaliza sentensi. Mimi nina jambo moja tu. Juzi mama yako aliniambia kwamba marefa wa huko Umeå wamesikia unakuja, wamekuandikia kwamba wanakuhitaji, na wewe umewajibu kwamba umeacha kuchezesha. Aliniambia huku akikunja shuka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini alinitazama. Basi nataka kukwambia kwa nini nadhani umeacha, na kwamba sehemu ya sababu hiyo inaishi katika nyumba hii na ina mvi.

Mchezo wenyewe, huo mpira wa Kimarekani, sijaupenda, unajua. Watu wanakimbia kidogo, wanagongana, wanasimama, wanajadiliana, halafu wanagongana tena. Siku ya kwanza uliporudi na lile shati la milia myeusi na myeupe nilikuuliza umefungwa gereza gani. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachukua vikombe vya chai, ukavipanga mezani, ukanieleza kazi yako kwa uvumilivu ambao sijui uliurithi kwa nani. Ulisema, Baba, huu ni mchezo wenye ruhusa ya kugongana, na kwa sababu ruhusa ipo lazima awepo mtu wa kusema hapa imekwisha. Ukanionyesha kwa kikombe jinsi mchezaji anavyoinamisha kichwa na kumpiga mwenzake kwa utosi wa helmeti, na jinsi yule mwenzake, aliyekuwa anautazama mpira hewani, asivyojua kinachokuja. Ukasema huyo ndiye anayelindwa na refa, yule asiyeona. Na ukasema refa akiachia kosa dogo la kwanza, uwanja mzima unajua leo ni ruhusa. Nilikusikiliza nusu, nusu nyingine nilikuwa naviogopea vikombe vya mama yako.

Siku ya ile mechi nilikuwa kazini Hässelby, nimelala chali juu ya lifti, mikono imejaa grisi. Simu ikalia, nikaiacha, ikalia tena. Alikuwa Consolata.

"Baba Keza! Mtoto wako amemfukuza mwanangu uwanjani kama mwizi!"

Sikuelewa neno. Mwanaye ni Yvan, na Yvan kwangu ni mtoto wa nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka kidogo tu. Consolata na sisi tulifika nchi hii mwaka mmoja, na alipopata kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, Yvan alilala humu chumbani, kitanda cha chini, wewe cha juu, mkigombana kuhusu taa. Consolata unamwita mama mdogo na hana damu hata tone na sisi. Ndiyo maana marefa wenzako walipokuuliza kabla ya mechi kama una ndugu kwenye timu yoyote, ulijibu hapana. Majina ya ukoo tofauti, anwani tofauti. Kwa karatasi za Uswidi ulisema kweli kabisa, na refa aliyepangwa alikuwa mgonjwa, na mechi ilikuwa lazima ichezwe.

Consolata alinieleza kwa kilio kwamba Yvan amemgonga kijana mmoja, kwamba ni mchezo tu, kwamba wewe umetupa kile kibendera chako cha njano cha kutangaza kosa na kumtoa nje mbele ya watu wote, na umeandika ripoti. Mtu anayetolewa hivyo hukosa mechi inayofuata. Na mechi inayofuata ndiyo ambayo mgeni kutoka chuo kimoja cha Marekani alikuwa anakuja kuwaangalia vijana. Consolata alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Yvan alipovaa viatu vya mpira. Nikamwambia, "Tulia, Mama Yvan. Jambo hili litaisha." Nilisema hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo ninavyosema siku zote, na siku zote huisha.

Unanijua. Mama yako hunitania kwamba napenda viti vya mbele. Ni kweli. Nani katika watu wetu hapa Stockholm amegombana na mkewe na mimi sikuitwa? Nani amenyimwa amana yake ya nyumba, nani amemsema mwenzake kanisani? Nafika, nakunywa chai, naanza na salamu ndefu, namsifu huyu, namsifu yule, na kabla ya chakula kupoa wanapeana mikono. Nimejivunia hilo kuliko cheti chochote nilichopata kazini. Kwa hiyo nilikuitishia kikao, mwanangu. Sikukuuliza hata ilikuwaje.

Ulipotoka kanisani Jumapili ile ulikuta viatu vya wageni mlangoni, na nilikuona ukivitazama. Mama yako alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo. Consolata alikaa karibu na dirisha na kitambaa mkononi. Bwana Odhiambo nilimwita kwa sababu ni Mkenya, ni injinia, ana maneno ya taratibu, na nilitaka mtu wa nje kidogo ili ionekane tunatenda haki. Yvan hakuja, alituma ujumbe kwamba anaumwa tumbo. Mimi nilivaa koti langu la kijivu. Fikiria mtu anavaa koti sebuleni kwake ili azungumze na binti yake.

"Keza," nikasema, "hapa hakuna anayekushtaki. Tunataka tu mambo yaishe."

"Miye sitaki chochote," Consolata akasema. "Sitaki fidia, sitaki unipigie magoti. Andika tu kwamba hukuona vizuri. Mtu yeyote anaweza kukosa kuona. Weye utapungukiwa nini?"

Odhiambo akakohoa. "Si lazima udanganye, msichana wangu. Sema tu hauna uhakika. Hapo sasa kuna shida gani?"

Ukasema kwa Kiswahili, ukimtazama Consolata: "Mama mdogo, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na ile televisheni. Niliona."

Consolata akaanza kulia. Nami nikakwambia umwonee huruma mama yako mdogo aliyekubeba mgongoni. Hapo ukahamia Kiswidi, kama mnavyofanya ninyi watoto jambo likiwa zito, ukasema, "Kosa langu si kumtoa. Kosa langu ni lile la kwanza, nililoliacha. Nimeliandika kwenye ripoti pia. Nimeandika kwamba tumelelewa pamoja na kwamba sikupaswa kuwa pale."

Nilikusikia, Keza. Wengine huenda hawakusikia, lakini mimi nilisikia kila neno, na nikasema, "Hayo tuyaache." Niliyapitia kando, kwa sababu mtu aliyezoea kusuluhisha hujifunza kuruka maneno yanayorefusha kikao.

Ndipo ukanigeukia. "Baba," ukasema, "ukikuta lifti ambayo breki zake zimelegea, huwa unawaitishia wapangaji kikao?"

Odhiambo chai ilimpalia. Sijui kama alicheka au alikohoa, lakini mimi nilisikia kicheko, na damu ikanipanda. Nikakwambia umenitia aibu mbele ya watu, na kwamba kuanzia siku ile, kwenye mambo yako, mimi simo. Ulisimama, ukakusanya sahani zote, ukaziosha, ukazipanga, ukavaa viatu na kutoka. Consolata alikula. Mimi sikuweza.

Nataka ujue kilichokuwa kinanichoma, na si kwamba kinanisafisha. Ni lile neno ripoti. Nilipokuwa mtoto kambini, kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ugomvi mwingi ulianzia bombani, kwenye foleni ya maji. Watu wamechoka, ndoo zimepangwa tangu alfajiri, mtu anasogeza ndoo ya mwenzake, basi. Ugomvi ukifika ofisi ya kambi, wanakuja watu wenye vitabu, wanaandika jina lako, na jina lililoandikwa halikujulikana lingetokea wapi tena. Labda siku ya mgao, labda siku ya kuitwa kwa safari. Kwa hiyo watu walimalizana wenyewe, na aliyewasuluhisha alikuwa bibi yako. Alikuwa na sauti ndogo na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Nilibeba kigoda chake nikimfuata. Ofisi ilikuwa kitu cha kuepuka, na mtu aliyempeleka mwenzake ofisini hakusalimiwa kwa muda mrefu. Nilipotoka huko nikaja na tabia hiyo, pamoja na suruali mbili. Wewe uliposema umeandika ripoti, mimi niliona mtoto wetu amekabidhiwa ofisini, na aliyemkabidhi ni wangu.

Lakini kuna kisa kimoja cha bombani ambacho sikuwahi kukisimulia, ingawa visa vya bibi yako nimevisimulia mpaka mmevichoka. Mtu mmoja alimpiga jirani yake kichwani kwa mpini wa jembe. Bibi yako aliwakalisha. Kuku akatolewa, akaliwa, watu wakaimba, na mimi nilikuwa na fahari isiyo na mfano. Yule aliyepigwa hakusikia tena kwa sikio moja. Na yule aliyepiga alimpiga mtu mwingine kabla mvua hazijaisha, kwa mpini uleule. Bibi yako alikaa siku nzima hataki kula. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Kisa hicho nilikiweka mahali ambapo sipiti, mpaka mwezi wa saba mwaka huu.

Mwezi wa saba Yvan alikuja kunisaidia kuteremsha lile kochi bovu. Wewe ulikuwa kazini dukani. Tuliliweka kando ya barabara tukisubiri gari la kulibeba, na kwa kuwa gari lilichelewa tukakaa juu yake, wanaume wawili kwenye kochi barabarani, majirani wakitupita wakitusalimia kwa mashaka. Nikamuuliza kama bado ana hasira nawe.

"Mimi? Hapana," akasema. "Zilikuwa wiki mbili tu. Mama ndiye bado."

"Na siku ile ulikuwa na hasira ya nini uwanjani?"

"Sikuwa na hasira, Baba Keza. Nilikuwa nimesikia kuna mtu anakuja kutoka Marekani. Nilitaka waseme Yvan anapiga." Akatoa simu. "Hujaona? Kuna mtu alirekodi."

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimesuluhisha jambo ambalo sikuliona, na sikuwahi kufikiri kwamba ni ajabu.

Kwanza alinionyesha lile la mapema. Filimbi imekwisha kulia, watu wamesimama, na Yvan anakuja anamsukuma kijana wa watu mgongoni mpaka anaanguka kifudifudi. Si kitu kikubwa, mtu kama mimi asingekiona. Kisha nikakuona wewe. Mkono wako ukaenda kiunoni, kwenye kile kibendera cha njano. Ukakishika. Ukakiacha. Ukamfuata Yvan, ukamwinamia, ukamwambia kitu karibu na sikio.

"Alikwambia nini?"

Yvan alitazama barabarani. "Alisema, tulia Yvan, usinitie aibu."

Nilimwomba arudishe nyuma nione tena. Nilikuwa naona binti yangu, katikati ya uwanja wa Uswidi, akiwa na shati la milia na sheria yote mkononi, akisema maneno yangu. Hayo ni yangu, Keza. Hayakutoka kwenye kitabu cha marefa. Ni mimi niliyewaambia ninyi wawili maneno hayo sokoni, kanisani, kwenye treni, kila mlipoanza ujinga mbele ya watu. Ulikuwa na kosa mbele yako na ukafanya nilivyokufundisha: ukalimaliza kimyakimya, kati yenu, kwa lugha ya nyumbani, ili wengine wasijue.

Na uwanja ukajua kwamba leo ni ruhusa. Yvan alijua kuliko wote. Aliniambia mwenyewe, bila ubaya, "Nikajua Keza hawezi kunifanya kitu."

Halafu akanionyesha lile la pili. Kijana mwembamba, soksi moja imeshuka, anaruka kuudaka mpira na kuukosa, miguu haijafika chini vizuri, macho bado juu. Yvan anakuja ameinamisha kichwa. Simu haikuwa na sauti kubwa lakini ule mlio niliusikia. Kijana alianguka chali na mikono yake ikabaki hewani, imekakamaa, kama ya mtoto mchanga anayeshtuka usingizini. Nimefanya kazi na vyuma maisha yangu yote na sijaona kitu kilichonitisha kama ile mikono.

Safari hii kibendera kilitoka kabla hajafika chini. Ukamwonyesha Yvan njia ya kutoka. Alikupigia kelele, ukaendelea kuonyesha. Nikadhani imeisha, lakini Yvan akasema subiri. Kijana yule anaamka. Anayumba, anasema yuko sawa, anataka kurudi kucheza, na kocha wake naye anataka arudi, na kocha wa kina Yvan naye amekuja kukufokea kwa kumtoa mchezaji wake. Wanaume wawili wakubwa, mmoja kila upande. Na wewe umesimama mbele ya yule kijana, mikono yako miwili juu ya mabega yake, unatikisa kichwa. Hukumwacha mpaka alipokuja mtu wa kumpima. Ulikuwa peke yako kabisa pale.

"Anaendeleaje yule kijana?" nikamuuliza Yvan.

Akasema alimwandikia kumwomba radhi. Aliyemjibu ni mama yake, kwa upole, akamwambia kwamba mwanaye amepokea salamu lakini bado hawezi kutazama simu, mwanga unamuumiza, wanakaa na mapazia yamefungwa. Yvan alisema hayo akikwaruza kitambaa cha kochi kwa kucha. Gari likaja, tukalipakia kochi, nikampa soda, akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia swali lako la lifti. Unakumbuka majira yale ya baridi nilipofunga lifti ya lile jengo refu siku moja kabla ya Krismasi? Watu walinitukana. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alinilaani kwa lugha ambayo siijui na nikaelewa vizuri sana. Nilining'iniza kibao, nikafunga mlango, nikaja nyumbani nikala na kulala. Sikuita kikao. Sikuogopa kuchukiwa, kwa sababu watu wale hawakuwa wangu. Ni rahisi kufunga lifti ya watu usiowajua. Siku zote nilijiona mtu wa amani, kumbe kazini nilikuwa refa na nyumbani nilikuwa mtu anayependa kila mgeni aondoke amefurahi. Nilifika watu wakishaumia, nikagawa maumivu ili yabebeke. Wewe ulipewa kazi ya kufika kabla. Hizo ni kazi mbili, na mimi nilikulea kwa moja tu.

Ndiyo maana nadhani najua kwa nini umeacha. Hukuacha kwa sababu ya Consolata, wala ya koti langu la kijivu. Umeacha kwa sababu ya kibendera cha kwanza. Unafikiri mtu aliyekiacha kiunoni hastahili kupewa tena. Unamwona yule kijana, unahesabu kwamba ungekitupa mapema Yvan angeinua kichwa. Huenda ni kweli. Sitakwambia si kweli, nimekwisha kukuambia mengi ya kukutuliza katika maisha haya. Lakini nakuomba uniachie fungu langu. Ule mkono ulipokiacha kibendera, mimi nilikuwa nimeushika. Na bibi yako nyuma yangu, na foleni nzima ya maji nyuma yake. Usibebe peke yako kitu kilichobebwa na watu wote hao.

Na jambo jingine, kisha nanyamaza. Mimi ningekuwa na kijana anayecheza mchezo huu wenu wa wazimu, ningetaka achezeshwe na refa anayejua kwa mwili wake jinsi ilivyo rahisi kukiacha. Refa ambaye hajawahi kukosea hivyo atafikiri ni suala la macho. Wewe unajua ni suala la nani utakutana naye kanisani Jumapili. Huko Umeå watakuwepo watoto wa watu wanaoruka kudaka mpira wakitazama juu. Fanya utakavyo. Uamuzi ni wako, na sitakupigia simu kuuliza.

Utauliza kwa nini nimekaa na haya zaidi ya mwezi mzima huku nikikuomba unipitishie chumvi. Kwa sababu ya kiburi, hiyo moja. Lakini pia kwa sababu kila nilipotaka kukuomba radhi jikoni, sisi wawili, nilijikuta nafanya yaleyale: kumaliza nyumbani, kimya, asijue mtu. Nilikuaibisha mbele ya watu. Kukuomba radhi kulipaswa kupita kwa watu walewale, na hilo niliogopa.

Leo nimetoka kazini nikampigia Odhiambo. Alisikiliza, akasema, "Sawa, mzee, nimeskia," na kwa Odhiambo hayo ni mengi. Kisha nikapanda basi kwenda Spånga kwa Consolata. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kupanga mambo ya kesho, akaweka maji ya chai. Nikamwambia kabla hayajachemka, kwa sababu nikishakunywa chai ya mtu maneno yangu hulainika.

"Mama Yvan, Keza aliona sawasawa. Yvan alimpiga mtoto wa mtu kichwani. Mimi nilikosea kuitisha kile kikao, na nilikosea kumnyamazisha."

Alisimama na kifuniko cha sufuria mkononi. "Kwa hiyo mwanangu ni mnyama."

"Sijasema hivyo. Yvan ni mtoto mzuri na alifanya jambo la hatari, na Keza alikuwa na haki ya kumtoa."

"Miaka yote hii umewapatanisha watu wote hapa mjini, Baba Keza. Walevi umewapatanisha. Miye ndiye unashindwa?"

Keza, nilikuwa na maneno. Yalikuwa tayari mdomoni, nimeyatumia mara nyingi sana: lakini na wewe pia una haki yako, lakini na wewe tunakuelewa. Sentensi moja na angekaa, angelia kidogo, tungekunywa chai. Sikuyasema. Nilisema tu kwamba nasikitika kumuumiza, na kwamba nilichosema kinabaki. Akazima jiko. Akasema, "Basi kesho msinitazamie."

Nilishuka ngazi nikasimama mlangoni pa jengo muda mrefu. Miguu ilitaka kurudi juu. Sikuwahi kumwacha mtu nyumbani kwake akiwa amenikasirikia, katika maisha yangu yote hapa. Nilifikiria ulivyosimama na mikono kwenye mabega ya yule kijana, kelele kushoto, kelele kulia. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nina mvi na nusura nishindwe na sufuria moja ya chai.

Sasa nikwambie habari mbaya. Nilikuwa nimewaalika watu wetu wote waje kukusindikiza kwenye treni, maana unajua kwetu mtu anayeondoka huonekana ni wa watu kwa wale waliomsindikiza. Nilitaka jukwaa lijae, waimbe, Waswidi watushangae, wewe uone haya. Lakini Consolata ameshazungumza na watu. Tangu nirudi simu inalia: huyu kapata zamu ya ghafla, huyu mtoto ana homa, huyu amesahau alikuwa na miadi. Odhiambo anasema atajaribu. Yvan ameandika kwamba atakuja kubeba masanduku, mama yake asijue.

Kwa hiyo kesho tutakuwa wachache sana, mwanangu, na uchache huo nimekuletea mimi. Nisamehe. Lakini katika hao wachache hutamkuta hata mmoja wa kukwambia kwamba hukuona vizuri.

Baba yako